Radhi Aliyonyimwa Sadala

Zamda wa Kilole, pale Korogwe, fundi cherehani, ana mdomo. Hilo hata yeye mwenyewe halikatai. Mteja akileta kitambaa kibovu ataambiwa ni kibovu, na akililia bei ataambiwa akalilie kwao. Lakini maneno yenyewe hasa alimwekea Sadala, mtoto wa shangazi yake, mkulima wa kule Handeni. Mabinamu ni watani, na hawa wawili walitaniana tangu utotoni, misibani na harusini, bila kuchokana.

Basi mwaka huu habari za Sadala zikawa zinafika Korogwe zimepakwa asali. Mbuzi wake kampa mdogo wake. Redio kampa jirani. Anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na Ramadhani bado iko mbali. "Mashaallah, tangu afiwe na mke kawa mcha Mungu," watu walisema. Jamani, sisi watu! Mtu anaaga, sisi tunamsifu.

Zamda naye alisifu, tusimvike kilemba cha ukoka. Alijua Shamsia, mke wa Sadala, alifariki mwaka jana. Alijua bodaboda ilimvunja binamu yake mguu na tangu hapo shamba limemshinda. Alijua watoto wako Dar es Salaam na simu zao ni za sikukuu. Kila jambo alilitolea pole yake lilipotokea. Kuyaweka yote pamoja, hakuyaweka.

Asubuhi moja Sadala akaingia kibandani kwake akichechemea. Zamda akapaza sauti, "Maryamu, fungia kuku! Mwizi wa Handeni kafika!" Maryamu, jirani auzaye maandazi, akaangua kicheko. Siku nyingine Sadala angejibu kwamba kuku wa Zamda hawaibiki, wamekonda kama mwenyewe. Leo alikaa tu kwenye benchi.

"Binamu," akasema taratibu, "nimekuja uniwie radhi. Kwa yote niliyokukosea."

Zamda akaondoa mguu kwenye cherehani. Mtani asiyerudisha utani! Mke, mguu, shamba, watoto, mbuzi, radhi: vyote vikamjia kwa mara moja.

Kuna neno ambalo watu hulizunguka, wakidhani ukilitaja umeliita. Zamda naye aliliogopa. Lakini kama mtani haulizi, nani atauliza? Akaenda kuketi karibu naye, bega kwa bega.

"Sadala, unataka kujiua?"

Mtu mzima yule akalia mpaka benchi likatikisika. "Silali, Zamda. Najiona mzigo tu. Najua ni dhambi."

"Sikukuuliza dhambi. Nakuuliza unaumia wapi."

"Kila mahali," akasema. "Wote niliowaendea walinisamehe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naenda wapi."

"Basi mimi sikusamehe!" Zamda naye machozi yalikuwa yanamchuruzika. "Umesikia? Radhi yangu huipati leo wala kesho. Nitakunyima mpaka uzeeke, uwe unakuja kuiomba na mkongojo. Mzigo nani? Wewe ni Sadala wangu!"

Hakumwacha hata kwenda kutafuta kufuli. Maryamu ndiye aliyefunga kibanda, maandazi yake yakabaki jikoni yanaungua, na wao wawili wakashika njia ya hospitali, Sadala akimwegemea.

Daktari aliyewapokea, Loyce, hakumkaripia Sadala wala hakumhubiria. Aliuliza kuhusu usingizi, mguu, na marehemu Shamsia, akasikiliza hadi mwisho. Akasema maumivu ya namna hii yanatibika, wengi wameingia chumba hiki wakiwa hivi na leo wako mashambani kwao. Akasema pia kwamba kwa sasa asikae peke yake.

"Nyumbani unaishi na nani, mzee wangu?"

Zamda alikwisha fumbua mdomo. Akaufumba. Hili halikuwa swali lake.

Sadala akatazama viganja vyake. Tangu wamzike Shamsia, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu: peke yangu. Daktari alisubiri. Zamda alisubiri.

"Naishi na huyu," Sadala akasema mwishowe. "Binamu yangu. Hataki niondoke."