Mkewe Alibakiwa na Neno Moja

Mtaani walimwita Mzee Mfano, na jina hilo alilipatia mezani kwake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa fundi makochi, mtu wa sponji na misumari, lakini jioni, chakula kikishaombewa, aligeuka mhubiri. Alichukua jambo lililotokea nyumbani siku hiyo hiyo akalifanya fundisho. Bomba likivuja, ilikuwa habari ya dhambi ndogo inayolowesha nyumba nzima. Mtoto akipoteza kiatu kimoja, alisimulia habari za mchungaji aliyeacha kundi zima akaenda kumtafuta kondoo mmoja. Siku paka alipoiba samaki, watoto walitazamana, na mkubwa wao, binti, akauliza, "Haya baba, na paka je?" Kweli, hata paka alikuwa na fundisho lake.

Mkewe ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Maneno yakizidi, alimgusa kiwiko na kumwambia, "Baba watoto, mbingu haikimbii. Kinachopoa ni chakula."

Watoto wakakua, wakaenda zao, wazee wakabaki wawili. Kanisani nako, kila Jumapili ya familia, fundi alipewa nafasi ya kutoa mfano mmoja kutoka nyumbani kwake. Watu waliusubiri kwa hamu, na baadhi yao walikiri kwamba mahubiri yenyewe waliyasahau kabla ya kufika getini, lakini paka wa Mzee Mfano walimkumbuka.

Asubuhi moja mkewe alikuwa anaanika nguo uani. Fundi alisikia beseni likianguka, akadhani ni upepo, akaendelea kugongelea misumari. Alipotoka baadaye kutafuta maji ya kunywa alimkuta chini, shuka lililolowa limemfunika miguu, jicho moja linamtazama na jingine haliko pamoja nalo. Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimrudisha akiwa hai, lakini upande wa kulia umelala, na ulimi wake, uliokuwa na maneno ya kugawia mtaa, umebakiwa na neno moja tu. Bado.

Mwanzoni neno hilo lilimpa fundi moyo. Akimuuliza kama amechoka, mama alijibu bado, naye akashukuru. Lakini siku moja alimuuliza kama ameshiba uji, mama akajibu bado, naye akamuongeza kijiko, na kingine, na kingine, mpaka uji ukamtoka mama puani na machozi yakamlengalenga. Hapo ndipo fundi alipoelewa. Bado ilikuwa ndiyo, ilikuwa hapana, ilikuwa njaa, ilikuwa acha. Ilikuwa kila kitu, kwa hiyo haikumwambia kitu.

Kisha mchana mmoja mama aliinua mkono wake wa kushoto, akaelekeza upande wa sebuleni. "Bado," akasema. "Bado, bado." Hakusema kama mgonjwa anayeweweseka. Alisema kama mtu mwenye jambo lake, anayemtuma mumewe kitu wanachokijua wote wawili.

Fundi akaleta maji. Mama akatikisa kichwa. Akaleta mtandio, akaleta Biblia yake yenye jalada lililochakaa, akaleta picha za watoto. Akafungua dirisha, akalifunga. Akambeba na kiti chake mpaka sebuleni ili aoneshe mwenyewe, na huko mama akauelekeza mkono kule kule chumbani walikotoka. Kesho yake ombi likarudi, na kesho kutwa pia. Kila akikosea, mama alimtazama kwa subira kwanza, halafu kwa hasira, halafu alifumba macho na chozi likashuka shavu lile zima.

Binti mkubwa alikuja kusaidia. Alikuwa fundi wa mapazia, mwenye mikono myepesi, na baba yake alitumaini kwamba mwanamke atamwelewa mwanamke mwenzake. Binti akampigia mdogo wake wa kiume aliye mbali, akaiweka simu sikioni mwa mama. Mama alisikiliza, akatabasamu nusu, kisha mkono ukainuka tena. Bado.

Jioni hiyo, mezani, fundi alianza kwa mazoea. Akasema kwamba hata wao humwomba Mungu kwa lugha isiyo...

Binti akaweka kijiko chini. "Baba, naomba usimalize. Mama si mfano. Mama anataka kitu, na sisi hatujui ni nini."

Hakumaliza.

Jumapili ya familia ikafika. Mchungaji alikuwa amepita nyumbani kumwambia kwamba safari hii angeweza kupumzika, fundi akakataa, kwa kuwa aliamini kwamba akishasimama mbele za watu, neno litakuja. Maishani mwake halikuwahi kukosa kuja. Alisimama, akashika ukingo wa mimbari, akatazama watu. Akakaa hivyo mpaka watoto wakageuka kuwatazama wazazi wao.

"Mke wangu ananiomba kitu kila siku," akasema mwishowe. "Nimeishi naye maisha yangu yote na sijui anachotaka. Leo sina fundisho. Kama kuna anayejua, anisaidie."

Hakuna aliyejua. Mchungaji alitoka kitini pake akaja akasimama ubavuni mwake.

Wiki hiyo nyumba ilijaa watu. Rafiki wa mama kutoka kwaya alikuja na kitabu cha nyimbo, jirani akaja na mafuta ya nywele, mwingine akaapa kwamba ni sindano ya kufumia, maana ndugu yake alikuwa hivyo hivyo. Mama aliwapokea wote kwa adabu, akawatikisia kichwa mmoja mmoja. Walipoondoka, chumba kilibaki kama gulio lililovunjika.

Baada ya hapo mama akaacha kuomba. Mkono haukuinuka tena. Alikula alicholishwa, akalala alipolazwa. Wageni walisema ametulia, Mungu ashukuriwe. Fundi hakushukuru. Kuulizwa na kushindwa kulikuwa kumemchosha, lakini kutoulizwa kulimkata maini. Katika mifano yake yote kondoo alipatikana. Hakuwahi kuwaeleza watu mchungaji afanye nini akimwona kondoo wake hapo hapo mbele ya macho na asijue njia ya kumfikia.

"Umekata tamaa na mimi, mama watoto?" alimuuliza.

"Bado," mama akajibu.

Alimtazama sana usoni, akitafuta kama hilo lilikuwa jibu au lilikuwa tu neno alilobakiwa nalo. Hakujua. Hajui mpaka leo.

Alichofanya ni kuhamishia kazi sebuleni, ampate mkewe karibu, sponji na vumbi vyote humo humo. Na kila alasiri aliendelea kumletea kitu, ingawa hakuulizwa. Leo sufuria, kesho mwavuli. Siku alipoishiwa kabisa alimkamata jogoo wa jirani, akaingia naye chumbani akimkumbatia kama mtoto. Jogoo akapiga kelele, manyoya yakaruka. Mama akamtazama mumewe, akamtazama jogoo, akacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, mate yakimtoka, sauti ile ile ya zamani. Fundi naye akacheka, kisha akajikuta analia, na jogoo bado yuko kwapani.

Hakuwa amemletea anachotaka. Hilo alilijua.

Jioni binti alipakua chakula, akamwomba baba aombe. Zamani sala yake ilikuwa ndefu, yenye sababu na mifano. Safari hii alishika mkono wa mkewe ule usiohisi.

"Bwana, anachotaka wewe unakijua. Mpe. Na kama ni mimi wa kumpa, niambie."

Walisubiri, vichwa vimeinama, muda mrefu kuliko kawaida, mpaka binti akasema amina kwa sauti ndogo. Ndipo fundi akainua kichwa, akachota kijiko cha chakula, akakipuliza, akaanza na mkewe.