Mkwe wangu nilimwita mvivu

Jamani, leo nimemwomba mkwe wangu msamaha mbele ya nesi, na sioni aibu.

Katokea Turiani, kule tambarare. Huku kwetu Uluguru ni kupanda tu. Tangu mimba ifike miezi mitano, kila akitoka mtoni anasimama njiani, anahema.

Mimi namtania, "Uvivu huo! Kilima utakizoea lini?"

Yeye anashika ndoo yake, anaendelea kupanda.

Leo tunapanda kwenda kliniki, akashika kifua, akakaa chini kwenye jiwe. Nikaogopa jamani! Nikajua moyo mbovu, nampoteza yeye na mjukuu.

Tukafika kliniki polepole, nesi kampima presha, kampima damu, kamsikiliza mtoto. Akanigeukia mimi.

"Bibi, huyu mzima. Mimba inaongeza damu mwilini, moyo unafanya kazi zaidi, na pumzi inakwenda mbio. Akihema hata amekaa, mlete haraka. Kwani wewe hukuhema?"

Nimezaa sita. Nilihema. Mama mkwe wangu akanisema mpaka nikalilia kwenye migomba.

Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

Akainama. "Mama, mimi nilishaamini kweli ni mvivu."

Mama wakwe wenzangu, mnakaaje na maneno kama haya? Niambieni.