Kitanda cha Mzee Kibwana

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza na kamba. Nilikuwa kijana, dresa mwanafunzi, yaani msaidizi wa kufunga vidonda na kuuguza, katika hospitali moja pale Lindi, enzi za Mwingereza. Kila asubuhi kabla Bwana Daktari hajapita, tulivuta kamba toka ukuta hadi ukuta, tukasogeza vitanda mpaka vyote vikae mstari mmoja. Mgonjwa angeweza kukosa uji, lakini mstari haukukosekana.

Asubuhi hiyo Mzee Kibwana, mkulima wa Miteja, alinishika mkono. Kifua kilikuwa kimemmaliza na sote tulijua hafiki mbali, hata yeye. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni kando yake.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "kila mkinilaza ubavu wa kulia, kama dini itakavyo, nakipa kibla mgongo. Nisife hivi."

Alikuwa anaogopa, mwanangu, na hofu ya mtu mzima inaumiza kuitazama.

Kumhamishia kitanda kingine hakukuwezekana. Akinyanyuliwa kidogo tu, pumzi zinamkatika. Nikamwendea mkubwa wangu wa kazi, Mzee Tomasi, Mkatoliki wa huko vilimani, mtu wa maneno machache na watoto wengi. Nilitaraji aniambie nikambembeleze mgonjwa. Akauliza tu, "Kibla chenu kiko upande gani?"

Nikamwonyesha kaskazini.

"Basi shika huko miguuni."

Tukakigeuza kitanda kizima, polepole, mgonjwa akiwa juu yake. Kichwa kikawa kwenye njia ya katikati ya wodi, miguu ukutani. Mke wa mgonjwa akamnong'oneza Tomasi, "Baba, watakufukuza kazi." Tomasi akamvutia mgonjwa shuka hadi mabegani.

Daktari akaja, akasimama. "Kitanda hiki kimegeuka."

"Mgonjwa ndiye aliyegeuka, Bwana," Tomasi akasema. "Kitanda kimemfuata."

Daktari akamtazama Mzee Kibwana, aliyelalia ubavu wake wa kulia, macho kafumba, midomo ikienda taratibu kwa dua. Kisha akajipenyeza na tumbo lake lote hadi ukutani, kwenda kusoma kadi iliyoning'inia miguuni.

Mzee alifariki alasiri ya siku hiyohiyo, mkewe akimtamkia shahada sikioni, nami nikimlowesha midomo kwa pamba. Hofu ilikuwa imemtoka kabisa. Nimewaona wengi wakienda, lakini kwa utulivu ule, wachache.

Basi nenda kasomee uuguzi, mwanangu, uzijue dawa na sindano zote. Ila dawa zikishindwa, usidhani kazi imekwisha. Hapo ndipo ukae karibu, umuulize mgonjwa anataka nini, usimbunie. Na ukishajua, umtendee, hata kama mstari utapinda. Mwenyezi Mungu aipe mikono yako wepesi na moyo wako subira, akulinde na kuzoea vifo vya watu.

Na siku nitakapolala mimi nisiinuke tena, uje wewe. Kibla unakijua. Lakini uniulize kwanza.