Majani ya Mnanaha Ndani ya Managu

Niliondoka Kisii saa mbili asubuhi kwa sababu ya majani mawili. Mama alikuwa amenitumia managu, mboga yetu ya kienyeji, kutoka Ekerenyo, na nilipokuwa nikiyachambua nikakuta majani yenye meno pembeni, yanayonuka vibaya. Mnanaha. Ni sumu, lakini ukiwa mchanga, asiyeona vizuri huudhania managu. Mama haoni vizuri. Nilimpigia simu, ikaita tu.

Nje ya mji niliuona mnanaha kupitia dirisha la matatu, umeota jaani. Utotoni mwangu ulikuwa wa majaani tu. Sasa niliuona kando ya barabara, kwenye vifusi vilivyomwagwa na malori, hata katikati ya migomba ya watu.

Sokoni Ekerenyo nilipanda bodaboda.

"Kaza mwendo, kaka."

"Madam, hii njia inateleza. Tutaanguka."

Nyumbani, wifi yangu Kemunto alikuwa amesimama langoni, mikono kichwani.

"Mama amekula nini?"

"Managu ya jana, alipasha asubuhi. Sasa anaongea na baba yenu."

Baba tulimzika zamani.

Mama alikuwa jikoni, mboni zimepanuka, midomo imekauka, vidole vikichuma hewani kitu nisichokiona. "Moraa," akaniambia, "mpe baba yako kiti."

Tulimpakia kwenye bodaboda ileile, nikamkumbatia kwa nyuma hadi hospitalini Nyamira. Daktari alilitazama jani nililolifunga kwenye leso.

"Umefanya vizuri kulileta. Tungehangaika kumtibu malaria."

Siku mbili Mama hakunitambua. Ya tatu alilalamika kwamba chai haina sukari, nikatoka nje kulia.

Kabla ya kurudi mjini niliingia shambani na Kemunto, tukaung'oa mnanaha.

"Umetoka wapi huu?" nikamuuliza.

"Nadhani ni ile samadi tulinunua, ya kuletwa na lori."

Tunda moja kavu lilipasuka mkononi mwangu, mbegu nyeusi zikamwagika. Tulichutama tukiziokota moja moja, hadi wingu likatanda na matone yakaanza kuzifukia.

Nilirudi Kisii nikiwa nimejifunza kuchambua mboga jani kwa jani, hata zilizochumwa na mikono ninayoipenda. Wiki mbili baadaye Kemunto alinipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Moraa, mnanaha umeota tena. Shamba lote."