Anayesoma Hapiki

Wenye makosa nitawataja, ila majina yao wabaki nayo wenyewe. Wa kwanza ni mama mwenye nyumba, maana ndiye aliyetuweka watu watatu tusiojuana kwenye vyumba viwili vya Igogo, kule juu kwenye mawe. Wa pili ni fundi cherehani kutoka Kongo, tuliyegawana naye chumba. Wa tatu ni msusi, dada wa Kikenya, aliyechukua chumba cha pili peke yake. Mimi kwetu Burundi. Vita vilinitoa darasa la tatu, na shule ikaishia hapo. Nimelala porini, nimevuka mpaka kwa miguu, nimepara samaki mwaloni Kirumba mpaka vidole vikafa ganzi. Nikajihesabu mtu aliyepona. Nilikuwa bado sijapanga Igogo.

Msusi alikuja na kitabu cha mapenzi, cha zamani, jalada limeshatoka. Ndani yake kuna wageni wenye dhiki wamepanga nyumba moja kwenye mji wa ng'ambo, na wawili wanapendana wakati hawana hata shuka la pili. Jumapili moja bando la simu lilimwishia, akaanza kutusomea barazani. Nilisahau njaa. Yaani sisi, watu wa kuhangaika nchi ya watu, tumo kitabuni!

Nikamwonea huruma, anasoma na bado zamu ya kupika ni yake. Nikatoa sheria: anayesoma hapiki. Wote wakanipigia makofi. Kumbe nimejifungia jikoni mwenyewe, maana mimi kusoma kwangu ni kuvuta herufi moja moja, na fundi anasoma kama maji. Wakawa wanapokezana, msusi sauti za wanawake, fundi za wanaume. Mimi napepea mkaa.

"Ndugu, ugali unaungua!" fundi ananiambia, macho hayatoki kitabuni.

"Uungue. Endelea, alimjibuje?"

"Kumbe na wewe unasikiliza, kaka?" msusi anacheka. "Tulidhani uko na sufuria tu."

Walipocheka pamoja nilipepea mkaa mpaka cheche zikaruka. Nilimpenda yule mwanamke. Kila Ijumaa nilimletea sato mkubwa, nimeshampara, na kila Ijumaa aliniambia asante kaka. Fundi alimletea nini? Mabaki ya vitambaa. Akayashona mto, msusi akawa anauegemea huku fundi akimsomea.

Tulipokaribia mwisho nikaogopa. Niliona mwanamke wa kitabuni anaelekea kwa kijana mpangaji mwenzake, nikajua wetu naye atafuata njia hiyo hiyo mpaka kwa fundi. Kurasa za mwisho nikazichana, nikawashia mkaa. Nilitegemea wakifika pale patupu watafunika kitabu, mambo yaishe. Wakaanza kutunga mwisho wao. Jumapili tatu wanatunga, vichwa vimegusana, na kwenye huo mwisho wao mkawa na cherehani mbili na saluni ng'ambo ya kivuko, upande wa Kamanga. Mimi bado napika.

Haukupita muda mama mwenye nyumba akaniita.

"Baba, fundi analeta posa. Binti hana ndugu hapa, na kwao wamesema kwa simu wewe ndiye usimame upande wake."

"Mimi?"

"Si kaka yake? Kutwa anakuita kaka."

Nikavaa shati, nalo limeshonwa na mwizi wangu huyo huyo. Nikakaa kiti cha mbele. Mshenga, mzee mmoja wa Kisukuma, akaanza maneno yake, wamepita njia, wameona ua zuri uani kwetu, wameliomba.

"Hatutoi," nikasema.

Vigelegele. Wakaona najua kazi ya kaka, kukataa kwanza.

"Mzee wetu, usitufukuze. Kijana hali, halali."

"Asile. Nimesema hatutoi mtu."

"Huyu ndiye kaka!" mama mwenye nyumba akapiga kelele. "Mabinti wangu wangepata kaka wa hivi!"

Mshenga akapiga magoti, watu wakazidi kushangilia. Nikasema mara ya tatu, na safari hii nikamwangalia msusi mwenyewe. Nilitaka aone usoni kwangu kwamba sichezi. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko, machozi yanamtoka. Miezi yote ile ya sato sikuwahi kumfurahisha kiasi hicho.

Watu wakanikazia macho, wananisubiri. Yeye pia akawa ananisubiri, na nikaona kicheko kinaanza kumwisha, anaanza kuogopa. Hapo ndipo nikasema mchukueni.

Fundi alinirukia akanikumbatia, jasho linamtiririka shingoni.

"Shemeji, umenitesa! Ile ya tatu nilidhani kweli."