Mama Mkwe Juu ya Uwanja wa Mbao

Mwaka 1998 mjomba Abdulwakil, seremala wa Wembley, alisoma kwamba zamani kule Marekani magari ya mashindano yalikimbia juu ya viwanja vya mbao. Mbao zikivunjika, mafundi walizipigilia kwa chini huku magari yakinguruma juu ya vichwa vyao. Tangu hapo akili haikumrudi. Akajenga uwanja kama huo sebuleni, wa magari ya kuchezea, na nusu ya mbao alizichomoa kwenye kitanda cha wageni.

Ijumaa mama mkwe akafika kutoka Pemba, akapelekwa kupumzika. Alipoketi tu, akazama mpaka magoti yakamgusa kidevu.

"Ewe Abdulwakil! Kitanda hichi kina nini?"

Mkewe, Mwanabaraka, akamnong'oneza, "Chagua: uwanja au mke."

Mjomba akabomoa kona tatu za uwanja, akachukua mbao zake na nyundo, akatambaa uvunguni.

"Usiinuke, mama! Mafundi wa Marekani walitengeneza hivi hivi, gari likiwa juu!"

"Mie ndiyo gari?"

"Tena la mashindano, mama."

Kitanda kizima kikatikisika kwa kicheko.

Kona ya nne haikubomolewa. Mama mkwe alikataza, akadai na gari jekundu la kukimbiza hapo.