Picha Aliyoituma Tabibu

Jumatatu asubuhi nilikuwa mtaa wa Ng'ambo kwa fundi viatu, mguu mmoja peku, nilipopigiwa simu kwamba rafiki yangu tabibu amefariki dunia. Nilikaa pale mpaka fundi akaniuliza kama naumwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, si mwepesi wa machozi, lakini safari hii nimelia na sioni haya kuliandika. Alifanya kazi miaka mingi katika zahanati moja ya ndani huko, ambako ukishuka treni Bukene unatafuta pikipiki. Akija mjini alifikia kwangu, hana kwingine. Sasa nikisikia hodi mlangoni moyo unaruka, kisha nakumbuka.

Tulijuana kwa ugomvi. Mama yangu mdogo alikwenda kwake na uvimbe kwenye titi. Tabibu akaupiga picha kwa simu, akamtumia daktari bingwa mjini amshauri. Alikuwa mwangalifu, kwa akili yake: uso hakuupiga, jina hakuliandika. Alichosahau ni kitenge. Mama mdogo alikuwa amejifunga sare ya kwaya ya kanisani kwao, ambayo kijijini wanayo akina mama wasiozidi kumi. Kumbe picha ilitoka kwa bingwa ikaingia kwenye grupu la wahudumu wa afya, eti watu wajifunze, na humo yumo mume wa binti wa mama mdogo. Huku kwetu mama mkwe akimwona mkwewe njiani hupisha. Sasa huyu ameliona titi la mama mkwe wake huku anakunywa chai. Akamuuliza mkewe kama mama anaumwa, na binti akamfikishia mama yake.

Bingwa alishasema mgonjwa awahi kupasuliwa, asichelewe hata kidogo. Mama mdogo akagoma. Alisema heri afie ndani kuliko kuvuliwa tena. Nilipanda treni nimejaa matusi ya kumpa huyo tabibu, nikamkuta amenitangulia, amekaa mkekani uani kwa mama mdogo.

"Mama, nimekuvua nguo mbele za watu," alimwambia. "Sina la kujitetea. Naomba unisamehe."

Mama mdogo akamjibu: "Mwanangu, ungeniambia unaipeleka wapi, ningekukatalia? Mimi si nataka kupona? Ungeniuliza tu."

Matusi yangu nilirudi nayo. Wiki ile ile tabibu alimsindikiza mjini yeye mwenyewe, na mama mdogo yu hai, anaimba, ingawa mkwewe bado anapita mbali.

Hakuacha kutuma picha, na wala hakupaswa kuacha, maana zimeokoa watu. Ila tangu hapo simu ilitoka mfukoni baada ya maneno: picha hii inakwenda kwa nani, ya nini, itafutwa lini. Aliyekataa aliandikiwa barua ya rufaa akapanda treni, bila kununiwa. Mji wetu huu umepitisha barua za watu tangu enzi za misafara, zikienda Ujiji mabegani mwa wapagazi, majuma kwa majuma, na mpagazi hakuwa na ruhusa ya kufungua. Siku hizi kila mmoja wetu ni mpagazi, na kila barua tunaisoma njiani.

Mwezi uliopita tabibu aliugua akalazwa, nikaenda kumwona wodini. Amekonda, mpira puani. Nikampiga picha, nikawarushia rafiki zetu wamwombee. Akafumbua macho.

"Umeniuliza?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Aligeukia ukutani, nami nikajiambia nitamwomba radhi akipata nafuu.

Picha nimeifuta kwenye simu yangu. Lakini jana msibani, kule Gongoni, niliwakuta watu nisiowajua wakioneshana ile ile, mdomo wazi, kifua nje. Ndugu msomaji, ukienda kumtazama mgonjwa, muulize kwanza. Na kama ulishakosea, kamwombe radhi leo, angali anasikia.